Mkeka Uani, Kabla ya Filamu

Mwalimu wa binti yangu alimpa karatasi ya kupaka rangi kwa ajili ya likizo. Ilikuwa picha ya mistari mitupu: familia imekaa uani juu ya mkeka jioni, inaangalia filamu kwenye shuka lililofungwa kati ya miti miwili. Binti yangu ana miaka sita. Alikaa na picha hiyo siku kadhaa bila kuigusa, kisha akatangaza kwamba na sisi tutafanya vile. Baba yake hajui kumkatalia. Aliahidi kuazima projekta kazini, na watoto wa barabara yetu wakaalikwa Jumamosi.

Tunakaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya migodi niliyoirithi kwa baba yangu. Ua ni mpana, udongo wake mwekundu na mgumu kwa miaka ya kufagiwa. Jumamosi ile alasiri nilitandika mkeka pale pale ambapo watoto wangekaa, tukalala kifudifudi, mimi na binti yangu, kupaka rangi. Mimi nilipewa mbwa wa pichani. Yeye alijiwekea watu na ardhi.

Akachukua rangi nyeusi.

"Udongo iko nyekundu," nilimwambia. "Angalia chini yako."

"Ya kwetu, mama. Ya kwa tata wa pembeni iko nyeusi. Niliiona mu mifuko."

Mkono wangu ulisimama juu ya mbwa. Kolwezi hakuna asiyejua udongo mweusi ndani ya mifuko ni nini: ni kobalti. Jirani yetu, huyo tata wa pembeni, alikuwa amehamia mwaka uliopita, akafunga turubai la bluu kando ya ukuta wetu na kusema anachimba kisima. Hapa kwetu wengi huanza hivyo, kwa kisima au choo, mpaka wapate madini. Baada ya hapo wanaufuata mshipa wa madini kule unakokwenda, na mshipa haujui ukuta wa mtu. Nilikuwa nimeuliza mara moja, nikajibiwa kwa kicheko, nikanyamaza. Kumuuliza jirani mara ya pili ni kumtangazia vita.

"Mama," binti yangu alisema, shavu lake likiwa kwenye mkeka, "kuko mutu huku chini."

Niliweka sikio. Chuma kiligonga jiwe, kikatulia, kikagonga tena. Kisha nikasikia kitu kizito kikiburutwa. Sauti haikutoka upande wa ukuta. Ilitoka chini ya kifua changu.

Sikupiga kelele, niliogopa hata uzito wa sauti yangu. Nilimshika mkono, tukainuka polepole, nikamkalisha kwenye ngazi ya jikoni na kumwambia asishuke. Nikikamatwa na hofu huanza kukagua vitu kimoja kimoja, kwa mpangilio. Nilianzia kwenye ukuta. Ufa ambao nilidhani ni wa kiangazi ulitoka chini ya turubai, ukapita karibu na mkeka, ukaishia kwenye msingi wa nyumba. Nguzo ya kuanikia nguo ilikuwa imeinama kuelekea ufa ule. Kila siku naanika nguo pale, na sikuwa nimeona.

Ndipo jirani alipoingia getini, spika kubwa begani, binti yake mdogo nyuma yake.

"Odi, mama! Nilisikia kuko sinema leo. Filamu bila makelele iko kama harusi bila pombe. Nimekuletea hii."

"Aksanti, tata. Nani alikutuma?"

"Eh! Mujirani anangojaka kutumwa? Ufungule mpaka mwisho, barabara yote basikie."

"Na bale bakijana bako ba kisima, batakuya kuangalia?"

"Bale? Hapana, bale ile saa bako na kazi..."

Alikatiza maneno. Mimi nilikwisha kusikia. Muziki uliokuwa ukivuma kwake mwezi mzima ulikuwa na kazi yake, kufunika sauti za kuchimba, na sasa filamu yetu ingefanya kazi ile ile. Nani angeshuku ua uliojaa watoto wanaocheka?

"Tata," nilisema, "banachimba wapi?"

"Kisima, mama. Si nilikuambia?"

"Kisima inatembeaka?"

Akacheka. "We mama, unauliza kama polisi! Ile unasikiaka chini iko panya. Unaogopa panya?"

Wakati huo binti yake aliona kalamu za rangi. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye mkeka na kuruka juu yake kwa miguu yote miwili.

Jirani aliangusha spika. "Toka pale! Toka! Kuya huku!"

Mtoto alidhani ni mchezo. Akaruka tena. Baba yake alifika ukingoni mwa ufa akasimama, mikono ameinyoosha mbele, na hakuthubutu kuongeza hatua. Ni mtu mnene. Mimi pia sikuthubutu. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili, tukimtazama mtoto akiruka.

"Kuya nikupe ya rose," binti yangu alimwita kutoka kwenye ngazi, akimwonyesha kalamu ya rangi ya waridi aliyokuwa ameshika. Mtoto akafikiri, akatoka kwenye mkeka, akaja akitembea.

Jirani alimbeba na kumkumbatia mpaka mtoto akalia.

"Bamefika wapi?" niliuliza.

Hakuonyesha ua. Alinyoosha kidole kwenye dirisha la chumba chetu cha kulala.

Nilimpigia mume wangu simu: aache projekta, atafute gari la kubeba vitanda. Kisha nikafunga geti na kusimama nje barabarani, binti yangu mgongoni ingawa amekua. Watoto walianza kufika jua likishuka, wamevaa nguo za misa. Niliwarudisha wote, na kila mama aliyemleta mwanawe nilimweleza sababu waziwazi, turubai la bluu likiwa nyuma yangu na jirani mwenyewe akisikia.

Mama mmoja, wa nyumba inayofuata baada ya yetu, hakuamini.

"Uko na hakika?"

"Kwangu niko na hakika. Kwako, sijue. Mushipa inaenda ule upande."

Aliitazama nyumba yake. Mlango ulikuwa wazi, na ndani redio ilikuwa ikilia. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia huku akiita majina ya watoto wake.