Nyayo Zilizolowa Kuze

Mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mguu wa mtu ukikatwa hospitali na kuzikwa bila kusomewa, hufukuka ukamtafuta mwenyewe. Aliyenieleza ni mwenzangu wa shule ya usiku kule Tanga. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu, nami nikaona mtu anayejua kugawanya sehemu kwa sehemu hawezi kunidanganya. Akaongeza kwamba mguu huo hauwezi kuvuka maji. Nililishika hilo kuliko masomo yote niliyopewa cheti.

Kaka Sefu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa amepoteza mguu wa kushoto kwenye mashine ya mkonge, juu kidogo ya goti. Shangazi yetu Bi Rukia alipoandika kutoka Mombasa kwamba mgonjwa apelekwe akapunge hewa wiki mbili, mimi ndiye niliyechaguliwa kumtunza: kumwogesha, kumbeba kwenye ngazi, kumpeleka chooni. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, na Mombasa, ambako babu zetu walikwenda kula pilau na kurudi, ilikuwa sasa nchi ya watu yenye bendera yake. Kwa hiyo usinione hivi, nilikwenda ng'ambo kabla baba yako hajazaliwa. Tuliposhuka upande wa pili wa kivuko cha Likoni niligeuka nikayatazama yale maji, nikashusha pumzi. Mguu umebaki.

Nyumba ya Bi Rukia ilikuwa mtaa wa Kuze, ya mawe, kuta nene hata ungeweza kufanyia harusi kwenye kizingiti cha dirisha. Ngazi zake zilikuwa na vidato elfu moja, au kumi na tisa, inategemea umembeba nani. Sisi tulipewa chumba cha juu, na choo kilikuwa huko huko juu, ng'ambo ya ukumbi mdogo.

Kaka Sefu alitaka jambo moja tu katika safari ile, kuiona Ngome ya Yesu. Alikuwa ameshona kanzu mpya kwa ajili hiyo. Kila asubuhi aliniuliza, "Leo twende?" Nami kila asubuhi nilikuwa na sababu: jua kali, vichochoro vina watu, mawe yanateleza. Magongo yake niliyasimamisha kwenye pembe ya mbali, asije akainuka bila mimi.

Siku ya tatu akaniambia, "Hebu nikune kisigino."

Nikashika kisigino.

"Siyo hicho. Cha kushoto."

Nikakiachia. Nikajua mguu umefika.

Mwanangu, kama hujakaa Kuze baada ya sala ya adhuhuri, hujui kimya. Maduka yamefungwa, watoto wa chuo cha Kurani wamerudi kwao, hata paka wameahirisha ugomvi wao. Mchana ule nilikuwa nimelala kwenye mkeka ukumbi wa chini. Nikasikia juu yangu: du. Kisha kimya. Kisha tena: du. Unyayo mtupu juu ya saruji, unyayo mmoja, unakwenda taratibu kama mtu anayeijua njia.

Nikapanda. Kaka Sefu yuko kitandani amefumba macho, magongo yako pembeni nilikoyaacha. Lakini sakafuni palikuwa na nyayo zilizolowa, zimetoka upande wa choo, za mguu mmoja, kila moja mbali na mwenzake, na zote zinaelekea kitandani. Nilisimama pale zikakauka mbele ya macho yangu, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, ambayo ilikuwa imegusa mkeka wa kitanda.

Sikumwambia mtu. Nilichoma ubani hata Bi Rukia akauliza kama nina posa. Siku ya nne, du. Siku ya tano, du.

Siku ya sita nilimwahidi kaka kwamba alasiri tutakwenda Ngome, akafurahi, akavaa kanzu yake kabisa ndipo akajilaza. Mimi nikatoka nikateremsha komeo la nje, ili mguu usimfikie mpaka tuondoke. Nikaketi juu ya ngazi kulinda.

Haukupita muda nikasikia mlango unagongwa kutoka ndani. Polepole, kwa kiganja. Na kugonga kule kulitoka chini, usawa wa goti. Nikasoma kila nilichohifadhi, na nilichosahau nikakisoma pia. Ukagonga tena. Ukakwaruza. Kisha nikasikia kama mtu anavuta pumzi kwenye upenyo wa chini, halafu kimya. Sikufungua.

Alifungua Bi Rukia alipoamka kwa alasiri. Kaka Sefu alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango, kanzu mpya imelowa kuanzia kiunoni, macho hayamtazami mtu. Hakupiga kelele muda wote ule kwa kuwa binti za Bi Rukia walilala chumba cha ubavuni, na aliona haya kuita apelekwe chooni wakasikia.

"Weye ndiye uliyemfungia?" shangazi akauliza.

"Nilikuwa naufungia mguu, shangazi."

"Mguu gani?"

Nikamweleza. Hakucheka. "Lete maji," akasema, "kisha ondoka mbele yangu."

Nasaha yangu naiweka hapa, usiisubiri mwisho. Ukipewa mtu kumtunza, weka magongo yake mkono wake unapofika. Usiuvishe woga wako nguo ya huruma ukamwita yeye mgonjwa. Na kila siku, kabla hujamwamulia, muulize, kisha ngoja ajibu. Mwenyezi Mungu akupe mikono inayojua kushika na kujua kuachia, na siku ya uzee wako akujaalie mtu atakayekuuliza. Amina.

Kesho yake kaka Sefu alikwenda Ngome kwa magongo yake, ndani ya kanzu yangu iliyomwishia kwenye shavu la mguu. Alipumzika mara tatu njiani, na kila kibaraza alikisalimu. Mimi nilitembea nyuma. Tulipoketi kwenye kivuli cha ukuta nikapata ujasiri wa kuuliza: zile hatua za mchana, na nyayo zilizolowa, zilikuwa za nani?

"Zangu," akasema. "Mguu wa kushoto umezikwa Tanga na umekwisha kuoza. Kuwashwa, daktari alisema kutapungua. Nyayo ulizoziona ni za kulia, ungetazama tu kidole gumba. Nilikuwa najifunza kwenda chooni peke yangu, kwa sababu nimechoka kubebwa."