Vidole vya Msokota Mishipi

Jirani yangu Mwanatumu asema msokota mishipi ya kuvulia wa hapa Kipungani ameingiwa na kiburi. "Wamwamkua ndiani, akupita kama hukuzawa!" Mimi humtazama kila asubuhi nikimnyonyesha mwanangu kizingitini. Yeye hukaa mchangani mbele ya nyumba yake, akiuzungusha kwenye kibao mshipi wa nyuzi tatu aliousuka mwenyewe. Kwanza huulowesha. Kisha huupitisha katikati ya vidole viwili na kuubana sana, maana ukilegea, mzunguko wa juu huzama katika ule wa chini, na siku papa akivuta, mshipi hukwama na kumkata mvuvi mkono. Mzunguko mmoja, "Bismillahi." Mwengine, "Bismillahi." Vidole vyenyewe vimekuwa vigumu kama ganda la chaza.

Leo nilimpelekea uji, mtoto nimempakata. Nikaona pahali uzi mmoja umekatika, umesimama kama unywele. Ukapita vidoleni mwake, ukaingia kibaoni, naye akasema "Bismillahi" vile vile.

"Babu, hapo pamekatika."

Akaurudisha mshipi, akaupitisha mdomoni polepole mpaka ulimi ukapapata pale palipokatika. Uso aliugeuza kwangu, lakini macho yalikuwa yakitazama pembeni, pasipo mtu.

"Macho yameniaga tangu mfungo sita," akasema. "Wavuvi wakijua, ni nani atakayetia mshipi wangu majini? Mwanangu, uwe waja hapa asubuhi, umkalishe mtoto juani. Ukiona uzi umekatika, usiseme neno. Kohoa tu."