Konveta ya Bibi Iliyovalishwa Vitambaa

Wiki iliyopita fundi wangu pale Moshi mjini alifungua konveta ya gari langu, akachungulia ndani, akaniita. "Dada, hebu njoo. Humu ndani kuna mtu anafuma?" Nikainama. Kwenye feni palikuwa na uzi wa rangi ya waridi, umejizungusha hadi feni imegoma. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na fundi wa watu akadhani nalililia gari.

Ngoja nikueleze. Nina gari la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani, nawakodishia wageni wanaolala porini kwa hiari yao wenyewe. Konveta ndiyo inayochukua umeme wa ukutani na kuujaza kwenye betri, ili ukiwa mbali na nguzo uwe na taa. Fundi alitaka ninunue mpya, akaniletea moja inang'aa. Nikainyanyua kwa mkono mmoja, nikamrudishia. Bibi yangu wa Uru alikuwa akisema kitu cha kudumu sharti kikuumize mgongo siku ya kwanza.

Na hii yangu, niliyoirithi kwake, ilimuumiza mjomba kwelikweli. Aliitoa kwenye gari la watalii lililofia gereji alikofanya kazi, akaipandisha begani hadi kwa bibi mlimani, kwenye utelezi, akipumzika kila baada ya migomba miwili. Umeme ulikuwa umeshatufikia Uru, ila ulikuja kama mgeni wa heshima: haukai. Mjomba akaipangusa vumbi, akabadilisha kapasita zilizovimba, akachomea upya nyaya zilizolegea, akaiweka juu ya kabati la vyombo na betri chini yake. Kisha akamwambia bibi neno moja tu, "Mama, hiki kitu kinapumua. Usikizibe."

"Nimesikia," bibi akajibu.

Kusikia alisikia. Lakini si unawajua bibi zetu? Sebule ile hakuna kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, kila kiti kilikuwa na chake, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia. Mjomba alipogeuka tu, konveta ikavishwa cha waridi. Eti wageni watasemaje wakiona chuma cha watu kimeachwa hivihivi, kama hakina kwao! Mjomba akija Jumamosi mimi, mjukuu niliyekaa naye, ndiye niliyekivua, akishuka mjini nakirudisha, na ujira wangu ulikuwa sahani ya kiburu cha moto, ndizi na maharage yamepondwa yakapondeka.

Basi ikaja Krismasi. Watoto wote wa bibi walikuwa wanapanda kutoka Dar, na pamoja nao wakwe wapya, wazazi wa mchumba wa mama mdogo, ambao hawajawahi kufika kwetu. Jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa ameshatangaza kwamba bibi anafuga chuma chakavu. Bibi naye akaapa mbele ya jumuiya nzima: umeme ukatike usikatike, kwake taa zitawaka. Heshima yake yote ikawa juu ya lile kabati.

Kwa kuwa ni sikukuu, wiki ile alinipa vitambaa viwili zaidi, vyeupe, vimepigwa wanga mpaka vinasimama vyenyewe. Nikavipanga juu ya kile cha waridi, nikaviona vimependeza sana. Siku yenyewe mjomba alikuwa uani anachuna mbuzi, akapaza sauti, "Konveta iko wazi?" Nami nikajibu, "Iko wazi, mjomba." Uongo mtupu, na mdomoni nina kipande cha maini.

Jioni nyumba inanukia ndizi nyama, pombe ya mbege inatoa povu, wakwe na jirani wamenawa. Umeme ukakatika. Taa za betri zikawaka! Bibi akamgeukia jirani polepole, amtazame vizuri. Tukaanza sala ya chakula, na kabla ya amina taa zikafifia, zikawa rangi ya chai ya rangi, zikazima kabisa.

Mjomba akapapasa hadi kabatini, akamulika tochi, akaanza kuvua. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. "Mama! Umeivalisha sweta? Wiki nzima imeshindwa kujaza betri kwa joto!" Jirani akaangua kicheko, wakwe wakamfuata. Bibi hakucheka. Alitafuta kibatari, akakiwasha. Alijua ni nani aliyevipanga na nani aliyedanganya. Hakunitaja.

Kwetu humfokei mama mbele ya wakwe yakaisha. Asubuhi mjomba alitokea migombani na jani la isale mkononi, na ukiletewa isale unasamehe hata kama bado una hasira nzuri tu. Bibi alilipokea, akaguna, akaenda akaliweka juu ya konveta. "Na mimi namwomba radhi huyu. Nilimziba pumzi."

"Mama," mjomba akasema kwa upole, "lisogeze kidogo. Linaziba feni."

Hapo ndipo bibi alipocheka. Alikifumua kile cha waridi, akakifuma upya na tundu la duara mbele ya feni, akipimia kikombe. Mwaka mpya taa hazikuzima, na jirani akaja kuomba afumiwe chenye tundu, na wala konveta hana.

Siku hizi sebule ile ina marumaru na makochi yasiyotaka kuvikwa kitu. Bibi amelala kihambani, katikati ya migomba yake, na ninamkumbuka kupita ninavyoweza kusema. Fundi alikata uzi, akanipa, nikaufunga kwenye leso. Akaweka feni nyingine, konveta ikanguruma kama zamani, nami nikaivika kitambaa chake chenye tundu.

Ila sikuwahi kumpelekea bibi isale kwa uongo ule. Kaburi lake limezungushiwa masale, kwa hiyo sitahangaika kutafuta. Krismasi hii nitachuma jani moja palepale, nimwekee. Pembeni kidogo, nisimzibe pumzi.