Niliitwa kueleza mionzi na bomba la kupimia gesi, nusura nimkoseshe binti wa watu safari

Wakuu, salaam kutoka Goma. Hapa siongezi chumvi, aibu niliyonayo inatosha.

Mimi nilisoma fasihi. Kwa majirani zangu wa mtaa wa Majengo, maana yake ni kwamba najua kila kitu, na wananiita Prof.

Kuna muzee jirani, anauza maharage yanayotoka mji wa Kiwanja. Binti yake Furaha amesoma kemia, akapata bourse, yaani ufadhili wa masomo, ya kwenda kuendelea nje. Kwao mutoto hasafiri mbali kabla baba hajamwekea mkono wa baraka kichwani mbele ya familia.

Muzee akagoma. Alikuwa amesikia neno "mionzi" kwenye hayo masomo ya binti.

Nikaitwa kwenye kikao nimweleze. Karatasi za Furaha nilizisoma mara mbili, na mara ya pili nilielewa kidogo kuliko ya kwanza.

Nilichoshika ni hiki: kuna bomba refu, jembamba kama waya, limepakwa utando ndani. Unapitisha gesi, tuseme ile inayotoka chini ya ziwa letu hapa. Utando unachelewesha kila aina ya gesi kwa muda wake, zinatoka mojamoja, unazipima. Joto likizidi, utando unaharibika. Ukipigwa mionzi mapema, unakuwa imara.

Kwa nini mionzi iimarishe kitu badala ya kukiua? Hapo nilipotea, wakuu. Lakini kikaoni nikaeleza kama ninayejua.

"Prof," muzee akauliza, "ile mionzi inabaki mule ndani ya bomba?"

"Inabaki kidogo," nikajibu, kwa sauti ya darasani.

Mama Furaha akashika kichwa. Muzee akasimama.

"Basi. Mutoto haendi."

"Papa, ikaa kwanza," Furaha akasema. "Prof anabahatisha. Haibaki hata kidogo. Ukipiga shati pasi leo, kesho ukilivaa, moto uko ndani?"

"Hapana."

"Ni vile. Na mashine ya mionzi iko nyuma ya ukuta wa beton, zege nene, sisi tunakuwa inje."

"Na huo utando wako, utadumu kweli?"

"Sijui, Papa. Ndiyo naenda kutafuta."

Muzee akanigeukia, akanitazama kama gunia la maharage lililotiwa mawe.

"Huyu, tangu asubuhi, hajasema 'sijui' hata mara moja."

Akamwita Furaha, akamwekea mkono kichwani. Mama akapiga vigelegele. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Funzo: ukiitwa kueleza usichokijua, mwachie mwenye kazi aseme.

Wanakemia mliomo humu, hivi mionzi inaimarishaje ule utando? Furaha ameshaondoka, na muzee ananiuliza kila tukikutana. Namjibu sijui. Anafurahi sana, halafu anauliza tena.