Mke Mwenzangu wa Nyuma ya Maabara

Mei 1981 nilimpoteza mume wangu. Homa ilimshika Jumapili, na kabla ya Jumapili nyingine tulikuwa tumemzika. Ndiye alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba mimi silii kwa sauti, na kwamba kutolia si kukosa uchungu.

Alikuwa mhudumu wa mifugo hospitalini Bariadi, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Mifugo yenyewe ilikuwa kondoo mmoja tu, jike, mweupe mwenye kichwa cheusi, aliyefungiwa kwenye banda nyuma ya maabara. Waliomleta ni watafiti waliokuwa wakipima wajawazito wenye upungufu wa damu. Nilimchukia kabla sijamwona. Mume wangu akirudi kazini alianza na habari za kondoo, ndipo aulize zangu.

"Kwenye damu ya mtu kuna kitu kinachobeba madini ya chuma," aliniambia jioni moja tukila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Wanakitoa, wanakisafisha, wanamchoma nacho kondoo. Mwili wake unakiona kigeni, unatengeneza kinga ya kukikamata. Hiyo kinga ndiyo tunayoitafuta."

"Mnaitafuta wewe na nani? Wewe si unafagia mavi?"

"Nafagia, mke wangu. Lakini mavi ya nani!"

Alicheka mpaka kipande cha kiazi kikampalia. Mimi sikucheka.

Leo wanaiita kingamwili. Sisi tulisema damu ya kondoo, basi. Walimtoa damu shingoni, wakaiacha itulie, wakachota maji ya njano yanayobaki juu. Hayo waliyachanganya na ute unaoganda, wakaumimina juu ya kioo na kuutoboa vitundu. Ukidondosha maji ya damu ya mama mjamzito kwenye kitundu, kinga ya kondoo inakamata kile kibeba chuma, na kesho yake unaona pete nyeupe imezunguka. Wanaipima upana kwa rula, wanajua kibeba chuma ni kiasi gani.

Nilimwambia apeleke na yangu ipimwe. Akanijibu polepole kwamba wanapima wajawazito tu. Alisema polepole kwa sababu alijua. Sikuwahi kushika mimba. Kwa hiyo wanawake walitoka Zagayu, wakatoka mpaka Mwandoya, wote wakawa na shughuli na kondoo wa mume wangu, isipokuwa mimi niliyelala nyumba moja na mume huyo.

Marando ya viazi aliyomlisha kondoo aliyakata kwenye tuta langu. Koti lake la kazi, la kaki, lilinuka kondoo hata likishafuliwa. Na chumvi mwaka ule iliadimika. Duka la ushirika likiwa halina, tulikula nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, bila chumvi kabisa, naye akisifu kila tonge.

Majirani walishaona. Tukikutana kisimani, baada ya mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, mmoja hakukosa kuniita mayu, yaani mama, na kuniuliza, "Mayu, mke mwenzio hajambo?"

"Hajambo," nilijibu. "Ananenepa."

Siku ya msiba, kondoo alilia. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa karibu na maabara, kila mtu alimsikia. Alilia asubuhi, akalia tukirudi makaburini. Mtani wetu, Mzaramo mwenye duka karibu na soko, alikuja akiwa amejifunga kanga ya mkewe kichwani kama mfiwa wa kike, akasimama katikati ya watu.

"Jamani! Mke mdogo analia mpaka sauti imekauka, mke mkubwa kakaa kama anasubiri basi la Mwanza! Mnitajie nimpe pole nani!"

Watu walicheka, hata shemeji zangu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani na sikumlaumu. Lakini nilikaa kwenye mkeka nikimsikiliza mnyama akilia kama ilivyonipasa kulia mimi, nikamwonea wivu. Yeye wote walimsikia.

Kisha kondoo akaacha kula. Fundi wa maabara alikuja kabla matanga hayajaisha, akakaa upande wa pili wa mkeka, akainamisha kichwa.

"Mayu, pole tena. Tumekuja na ombi. Tunaomba lile koti."

"Koti la serikali?"

"La serikali, lakini si la kuvaa. Tumtundikie bandani. Sisi akituona anakumbuka sindano, anajibanza ukutani. Akiendelea hivi tutampoteza, na damu ya mwisho hatujaitoa. Akina mama wanaosubiri majibu ni wengi."

Koti lilikuwa chini ya mto wangu. Nguo za marehemu haziguswi mpaka matanga yaishe, kwa hiyo hata mifukoni sikuwa nimetia mkono. Nililalia harufu yake tu. Na sasa hata harufu hiyo ilitakiwa na kondoo.

"Halitundikwi," nilimwambia. "Litakwenda nikiwa ndani yake."

Nilikata marando, nikalivaa koti, mikono ikanizidi urefu. Fundi alifuata nyuma. Kondoo alikuwa amelala, mbavu zinahesabika. Aliponiona alisimama, akaja moja kwa moja. Marando hakuyatazama. Alisukuma pua yake kwenye mfuko wa kulia, uliofungwa kifungo, akausukuma tena mpaka nikayumba.

Nilifungua kifungo. Ndani, vimefungwa kwa pamba, kulikuwa na vipande viwili vya chumvi ya mawe.

Fundi aliona. "Ni ya kondoo hiyo, mayu. Inakuja na gari la utafiti."

"Najua," nikasema. Sikuwa nikijua.

Kipande kimoja nilikishika kiganjani, akakiramba mpaka kikaisha, ulimi wake ukikwaruza kama msasa. Halafu aliinamia marando akaanza kula. Nilimwambia fundi nitakuja tena kesho. Kipande cha pili nilikifunga kwenye pindo la kanga, nikarudi nyumbani nimevaa koti. Jioni nilikitwanga, nikakitia kwenye nsansa, nikala.