Pua ya Profesa

Tulimwita Profesa, naye kwa ujinga wake akadhani tunamheshimu. Aliongoza maabara yetu ya mafuta ya mitambo kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwona akishika bureti, ule mrija wenye koki wa kupimia asidi. Sampuli ikiletwa, alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa huku amefumba macho kama anayesali.

"Haya safi. Andika asidi sifuri nukta sifuri tano."

Nasi tukaandika, waoga tulivyokuwa.

Kisha akamwingiza kazini shemeji yake, mdogo wa mkewe, mkemia aliyekaa nyumbani muda mrefu. Nadhani alitaka mtu wa kumwitikia ndiyo. Kumbe mama yule alikuwa anapima! Alipima uzito wa mafuta kwenye mizani, akayayeyusha, akatia kiashiria, kisha akadondosha alkali tone kwa tone mpaka rangi ya chungwa ikageuka kijani. Kadiri alkali inavyotumika nyingi, ndivyo mafuta yalivyo na asidi nyingi, na asidi hiyo huila transfoma kutoka ndani.

Asubuhi moja yakaja mafuta ya transfoma ya hospitali. Profesa akanusa: sifuri nukta sifuri tano. Shemeji akapima mara tatu: sifuri nukta nne moja.

"Shemeji, haya yameoza. Ukisaini hivyo, umeme utakatika mtu yuko kwenye meza ya upasuaji."

"Nilianza kazi hii wewe ukiwa darasa la tatu!" akafoka. "Pua yangu haijawahi kukosea."

"Haijawahi kupimwa, shemeji."

Mama yule akachukua majibu yote mawili, akampelekea meneja. Meneja akamtaka Profesa apime mbele yetu sote. Lo! Mzee mzima akafungulia koki yote, alkali ikamiminika, chupa ikawa kijani kufumba na kufumbua. Hakujua hata asome wapi. Akasingizia dawa imeharibika. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye kola, na sikumwonea huruma hata chembe.

Mafuta ya hospitali yakabadilishwa wiki ileile. Shemeji akakabidhiwa maabara, ingawa dada yake alimnunia miezi miwili, simu hapokei.

Na Profesa? Watu wa aina yake hawafukuzwi. Alihamishiwa idara ya mafunzo. Huko anawafundisha wafanyakazi wapya somo la umakini kazini, tena anawatungia na mtihani.