Kompresa ya Nikodemo na neno aliloandika daftarini

Saa tatu asubuhi, Nikodemo Ndahani anaweka kiganja juu ya bomba la gesi na kusikiliza. Kompresa mpya inanguruma mbele yake, katika chumba cha mitambo cha kiwanda cha mvinyo nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Anasogea, anasoma geji ya oili, anarudi kwenye bomba. Ukimsemesha wakati huo unajisumbua bure.

"Hii ndiyo inayoleta baridi," anasema baadaye, akijifuta mikono. "Zabibu zinafika hapa na joto la shambani. Bila baridi unapata siki."

Ana miaka 59, mwakani anastaafu. Kwa miaka 26 kazi yake imekuwa moja: kuhakikisha kompresa inagandamiza amonia, gesi ya kupozea, kwa kiasi kinachohitajika tu. Zabibu zikiwa nyingi, mtambo ufanye kazi yote. Zikipungua, upunguziwe.

Kuupunguzia kuna njia zake. Unaweza kuzuia vali za baadhi ya silinda zisifunge, pistoni zikapanda na kushuka bila kugandamiza chochote. Au unapunguza mwendo wa mota. Njia ya pili huokoa umeme zaidi, na mwaka 2021 Nikodemo ndiye aliyeulizwa achague. Akachagua mwendo.

"Uchaguzi haukuwa mbaya," anasema. "Kilichoniponza ni tamaa ya sifa."

Kitabu cha mtambo kilisema usishuke chini ya mizunguko 600 kwa dakika. Yeye aliushusha hadi 400, bili ikapungua, wakubwa wakamsifu. Lakini pampu ya oili ilizungushwa na mhimili uleule wa kompresa, kwa hiyo mwendo ulipopungua, oili nayo ilikosa nguvu. Swichi ya usalama ikawa inauzima mtambo kila mara. Nikodemo akaunganisha nyaya za swichi hiyo kwa kipande cha waya, isiweze kuzima tena.

Machi 2022, katikati ya mavuno, kompresa ikanoki kwa kukosa oili. Vipuri vilichukua siku nne kufika kutoka Dar es Salaam. Juisi ikachacha kwenye matangi, na wakulima waliokuwa getini na kreti zao wakarudishwa.

Kabla meneja hajafika, Nikodemo alichomoa ule waya akautia mfukoni. Kwenye daftari la zamu akaandika: hitilafu ya umeme. Nani angebisha? Umeme kwetu ni mshtakiwa ambaye hahitaji hata shahidi wa kumtia hatiani.

Miongoni mwa waliorudishwa alikuwa Paulina, mdogo wa mke wake, mkulima wa Makutupora. Tani zake tatu ziliozea kwenye kreti. Mwaka uliofuata aling'oa mizabibu yote, ekari moja na nusu, akapanda mtama.

"Anakuja nyumbani, umeme unakatika, ananiambia, 'Shemeji, adui yetu huyo kaja.' Tunacheka wote," anasema Nikodemo, na macho yanamlowa. "Miaka mitatu nacheka."

Pengine angecheka mpaka astaafu. Lakini mwaka huu kiwanda kilinunua kompresa nyingine ya aina ileile, na mhandisi mpya, Erica, akamwomba ushauri. Nikodemo akamwambia asiushushe sana mwendo. Erica hakuridhika na ushauri usio na sababu, akafungua madaftari ya zamani.

"Mzee wangu, nimeangalia rekodi," akamwambia. "Ulikwenda na 400 miezi mitano, na kilichoharibu ni umeme. Sasa tunaogopa nini? Tuweke 400 hiyohiyo."

Hapo uongo ukamfika shingoni. Akinyamaza, mtambo mwingine unakufa pamoja na mavuno ya watu.

"Nikamwambia, kaa chini, mwanangu. Nikamweleza yote, mpaka waya."

Erica anasema hakujua afoke au amshukuru. Aliweka 650 kuwa mwendo wa chini kabisa. Mahitaji yakipungua zaidi ya hapo, vali za silinda mbili huachwa wazi. Kisanduku cha swichi ya oili kina kufuli, na ufunguo anao yeye. Nikodemo alipewa barua ya onyo, na anasema aliistahili.

Tulipomaliza mazungumzo alituomba tusichapishe kwanza. Alitaka aende Makutupora Jumapili baada ya ibada, Paulina asije akayasoma gazetini. Tukangoja.

Jumatatu alipiga simu. Alisema Paulina alimsikiliza huku akipepeta mtama, akamaliza ungo aliokuwa nao. Kisha akasema: "Shemeji, mimi niling'oa kwa sababu niliamini umeme wa hapa hautatengemaa. Ungeniambia ni wewe, nisingeng'oa."

Nikodemo anakiri kwamba hilo halikuwahi kumjia akilini. Miaka yote alidhani amemharibia msimu mmoja.

Akistaafu, anataka kuchimba mashimo ya mizabibu katika shamba lile kwa mikono yake mwenyewe. Ameomba aanze na ishirini tu. Paulina hajamjibu.

"Jembe nimeshanunua," anasema. "Nitakaa nalo mpaka aseme."